Kuku Ishirini kwa Mita Moja

Mimi ni mkutubi, na kubembeleza sijui. Mwanafunzi akiniambia "nimesoma mahali fulani," namrudisha alikotoka. Hapa hatuna rafu ya mahali fulani.

Ndivyo nilivyomrudisha binti mmoja wa mwaka wa tatu, mpole kupita kiasi, aliyekuwa akiandaa wasilisho kuhusu ufugaji wa kuku. Lilikuwa na nusu ya maksi zake za somo hilo, na angelitoa mbele ya Profesa mwenyewe. Aliandika kwamba mita moja ya mraba inatosha kuku wakubwa ishirini.

"Umetoa wapi hii?"

"Kwenye notsi za Profesa, mama."

"Na yeye kaitoa wapi?"

Darasa zima lilikuwa limenakili hivyo hivyo, na waliotangulia pia, wala hakuna aliyewahi kuuliza. Nikamwonyesha tanbihi chini ya ukurasa wa notsi hizo, iliyotaja ripoti ya zamani, nikamfundisha kutafuta namba yake kwenye katalogi, kisha nikakaa zangu. Kumletea nilikataa. Alipotea rafu mbili, akapiga chafya kwa vumbi, akarudi ameikumbatia ripoti.

Baada ya dakika kumi akapiga ukelele ambao ningemfukuzia mtu mwingine yeyote. Jedwali lilisema ishirini ni vifaranga. Kuku wakubwa walikuwa mstari wa chini yake: watano.

"Profesa karuka mstari! Kuku wakubwa ishirini, mama, si watalaliana?"

Tukacheka mpaka machozi. Kisha uso ukamshuka.

"Nikimsahihisha mbele za watu, atanifelisha."

"Unaweza kuandika ishirini ukapita salama," nilimwambia. "Hiyo ni juu yako."

Kesho yake nilijipenyeza nyuma ya ukumbi, moyo ukinidunda kana kwamba mtihani ni wangu. Alipotaja watano, Profesa akamkatiza.

"Notsi zangu zinasema ishirini, binti."

"Ndiyo, Profesa. Zinanukuu ripoti hii. Ukurasa wa arobaini na moja, jedwali la pili." Akashuka jukwaani, akamwekea ripoti mezani na kidole juu ya mstari.

Profesa akavaa miwani. Akasoma, akasoma tena. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Mzee alikuwa anacheka.

"Miaka kumi na moja nawabananisha kuku wa watu! Na nyie wote mlikuwa mnaniangalia tu?"

Jamani, nilifurahi! Nilipiga makofi peke yangu kabla ukumbi mzima haujanifuata.

Saa nane mchana wanafunzi walijazana maktaba, kila mmoja na notsi zake, wakitaka kujua zilikotoka. Nikawaelekeza kwa yule binti, aliyekuwa tayari ameketi mbele ya katalogi na mwanafunzi wake wa kwanza.

"Hapana, jibu sikupi," alikuwa akisema, bila hofu hata chembe. "Tafuta namba ya ripoti kwanza."

"Haya, mwalimu," akajibu Profesa, akaanza kutafuta.