Simu Kumi na Mbili, Jina Moja

Adolphine ndiye aliyewauzia zile simu. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa na meza yake karibu na soko la Manika, mjini Kolwezi, na siku ile Tata Tshibangu alipofika na watu wake kutoka kariere, wote wamejaa vumbi la machimbo mpaka kwenye kope, aliwaeleza ofa ya kampuni yake ya simu kama alivyofundishwa: simu ya skrini kubwa kwa nusu bei. Nusu ya pili kampuni inailipa yenyewe.

"Na hiyo kampuni ilianza kutupenda siku gani?" aliuliza Mama Mado, ambaye kazi yake kikosini ilikuwa kuosha mawe ya madini. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sururu.

"Haiwapendi, mama. Inawafunga," Adolphine alijibu akicheka. "Miaka miwili simu hii haikubali laini ya kampuni nyingine. Mkipiga, mnapiga kwetu tu. Hivyo ndivyo hela yake inavyorudi, pole pole."

"Sawa na ndoa," alisema Mado. Wote wakacheka, wakachukua kumi na mbili.

Fomu ilitaka jina na kadi ya mpiga kura ya kila mnunuzi. Lakini kariereni mambo hayaendi hivyo. Kila kikosi kina mkubwa wake, wanamwita PDG, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, na kila kitu huandikwa kwa jina lake: shimo, magunia, hata tiketi ya mizani kule depo, mawe yanakouzwa. "Andika Tshibangu," walisema wote kwa pamoja, kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la kitoto. Adolphine akaandika Tshibangu mara kumi na mbili. Ilikuwa rahisi, na mvua ilikuwa inakuja.

Miezi minane baadaye bei ya kobalti ilianguka. Wanunuzi walifunga depo zao mmoja baada ya mwingine, mizani ikabaki inaning'inia bila kazi. Kisha ikaja amri: wenye kibali cha eneo lile wanalitaka tupu, wachimbaji na familia zao wawe wameondoka katika siku tatu. Wataenda wapi, amri haikusema. Kikosi cha Tshibangu kilikubaliana kukodi malori mawili na kwenda kulima upande wa Sandoa, ambako kaka yake Mado alikuwa na shamba. Watoto wakubwa wangebaki Manika kwa ndugu, wamalize mwaka wa shule.

Asubuhi ya siku ya tatu Mado alisimama mbele ya meza ya Adolphine.

"Kule kwa kaka yangu rezo yenu haifike," alisema, akionyesha alama ya mtandao kwenye skrini. "Ya bengine iko. Mutoto wangu nitamusikia namna gani? Fungua hizi simu."

"Si mziuze, mama, mnunue nyingine?"

"Nani atanunua? Pita sokoni uone."

Adolphine aliichukua simu ya Mado, akapita. Kila aliyefukuzwa alikuwa anauza simu yake, na juu ya hapo yalikuwa yameingia maboksi ya simu mpya za bei ya chini. Mchuuzi mmoja aliigeuza simu ya Mado mkononi, akaona imefungwa, akairudisha bila hata kutaja bei. Adolphine aliuliza bei ya aina ile ile, mpya, isiyofungwa. Aliuliza kwa wachuuzi watatu, akaandika kila jibu kwenye karatasi. Halafu akaenda moja kwa moja bironi, ofisini kwa Bwana Ngeleka, mkuu wa tawi la kampuni.

"Mademoiselle," alisema Ngeleka, "kampuni ilitoa nusu ya bei. Wakiondoka na simu wazi, nusu yetu imekwenda nao Sandoa."

Adolphine aliweka karatasi mezani. "Chef, sokoni leo simu hii ikiwa mpya inauzwa chini ya ile nusu waliyolipa wao. Nusu yenu imeliwa na soko, si na hawa watu. Wanafukuzwa, hawatoroki. Mnashikilia nini?"

Ngeleka aliisoma karatasi mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wakubwa. Akafungua kompyuta yake.

"Kanuni ipo. Anayehamia mahali tusipofika, simu yake inafunguliwa. Moja, kwa jina lake. Hapa naona jina moja na simu kumi na mbili. Nani aliandika upuuzi huu?"

"Mimi."

Ngeleka alitazama saa. "Wanaondoka lini?"

"Malori yanaondoka leo saa tisa."

"Basi niletee watu kumi na mmoja wa kweli. Kadi zao, sahihi zao, na sahihi ya Tshibangu kuwaachia. Yake mwenyewe sina uwezo nayo. Jina lililoandikiwa simu nyingi hivi, hata akiziachia, wakubwa wa Kinshasa ndio wanaoamua. Na wewe utaandika barua ya kukiri kosa. Baada ya hapo sijui kama meza itabaki yako."

"Nipe karatasi," alisema Adolphine. Aliiandika barua palepale akiwa amesimama, akaitia sahihi, akachukua fomu kumi na moja, akatoka kutafuta pikipiki.

Malori mawili yalikuwa kando ya barabara ya kariere. Magodoro, masufuria, milango iliyong'olewa, vyote vilikuwa vinapandishwa. Tata Tshibangu aliketi juu ya gunia akihesabu watu wake kwa macho. Alimsikiliza Adolphine mpaka mwisho, kisha akasukuma fomu pembeni.

"Ni mi PDG. Shimo wamenitosha, depo imefunga. Sasa na weye unakuja kunitoshea batu?"

"Hakuna anayekutolea watu, tata. Ni jina tu."

"Jina tu!" Alicheka bila furaha. Kisha sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Mwaka wa tisini na tatu, hapa hapa gare ya treni ya Kolwezi, walipokuwa wanatufukuza sisi batu ya Kasai, karatasi yetu ilikuwa na jina ya tata yetu mzazi peke yake. Sisi tuliandikwa 'na watoto watano'. Njiani akashuka kutafuta maji, treni ikaondoka. Kule tulikofika wanatuuliza: nyinyi ni ba nani? Tulikuwa watoto watano ya mutu asiyekuwapo. Tulimupata kisha myaka mbili."

Tshibangu akanyoosha mkono. "Leta kalamu."

Alitia sahihi mara kumi na moja. Wachimbaji wakapanga foleni na kadi zao, na kwa mara ya kwanza wakasikiana majina.

"Kumbe Sururu ni Anaclet?" mmoja alipiga kelele. "Myaka ine tunalala shimo moja!"

"Anaclet wa wapi na kichwa kile!"

Mado alitaja lake taratibu, kama kanisani: "Kabwe Madeleine."

Adolphine alipiga picha kila fomu na kadi yake, akazituma bironi. Tarakimu za kufungulia zikaanza kuingia moja moja, naye akaenda toka mtu mpaka mtu, akizibonyeza kwa uangalifu, maana ukikosea mara tatu simu inajifunga moja kwa moja. Ya Mado ilikuwa ya mwisho. Mado alitia laini ya kampuni nyingine, akangoja, akapiga.

"Simone? Ni mama. Hapana, hatujaondoka, niko hapa karibu. Napiga tu." Akageuka upande, asionwe uso.

Dereva alipiga honi. Tshibangu alipanda akiwa ameshika simu yake iliyofungwa.

"PDG anatoka shimoni wa mwisho," alimwambia Adolphine kutoka juu. "Lakini anatoka, mwanangu. Unasikia?"

"Nasikia, tata."

Adolphine aliandika namba ya simu ya Tshibangu kwenye kiganja chake, kwa wino mzito. Malori yalipokata kona kuelekea barabara kuu, yeye alikuwa ameshakaa nyuma ya pikipiki.

"Bironi," alimwambia dereva wa pikipiki. "Wanafunga saa kumi. Haraka, ndugu yangu, nina barua ya pili ya kuandika, hii ni ya Kinshasa."