Sauti Iliyokwama Forodhani

Pale Bulyaga, ungeuliza nyumba ya Kuruthumu, hata mtoto anayetambaa angekuelekeza. Ni ile ambayo mlango wake haukujua kufungwa. Asubuhi wanakuja wa vitumbua, saa nne wanakuja wa chai ya maziwa, jioni wanakuja wa maneno. Na mvua ya Tukuyu ikishika, basi hata aliyekuwa anajipitia zake anaingia, anakunja miguu kwenye mkeka, anauliza, "Enhe, mlifikia wapi?"

Kuruthumu hakuwahi kumwambia mtu hapana. "Nyumba ni watu," alikuwa akisema. "Kuta hata mchwa wanazo."

Zamani kelele kubwa ndani ya nyumba ile ilikuwa ya mumewe. Zuber alikuwa mnadi wa mitumba. Akipanda juu ya meza yake sokoni na sweta mkononi, mtu aliyetoka kwao kununua chumvi alirudi na sweta. Alikuwa na sauti ya kumwamsha aliyekufa na kumuuzia koti. Kisha ikaja saratani ya koo. Ikaanza kama mafua, ikawa kukwaruza, ikawa safari ya Dar es Salaam, na huko madaktari wakasema wazi: tukiiacha sauti, tutampoteza mtu. Wakaitoa sauti. Wakamrudisha hai, lakini wakamrudisha kimya, na tundu shingoni analolifunika kwa kitambaa cheupe.

Tangu hapo alisemea kijiko. Alikaa kwenye kiti chake pembeni ya veranda, kikombe cha bati pajani. Akigonga mara moja ni ndiyo. Mbili ni hapana. Akigonga mfululizo, basi ni "we mwanamke, hebu nigeukie."

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Naima, na Naima alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kyela aliyepata kazi Mtwara. Harusi ilikuwa lazima ipite kabla ya mfungo, maana kijana alitakiwa kuripoti. Sasa kwa Waislamu baba ndiye anayemuoza bintiye, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi. Shehe alikuja mwenyewe kumtoa wasiwasi: "Mzee Zuber, dini ni nyepesi. Mteue ndugu yako Idrisa aseme kwa niaba yako, ndoa inatimia."

Zuber akagonga mara mbili. Kisha akajipiga kifuani na kuchezesha midomo polepole, hata kipofu angeelewa: mimi mwenyewe.

Daktari alikuwa amewaambia kuna kifaa kama tochi. Unakibana shingoni, unachezesha midomo, kinatoa sauti. Akawaandikia na barua ya kukiombea. Naima akakitafuta kwenye simu mpaka akakipata kwenye duka la China. Usiku huo Zuber aliangalia video ya mzungu mmoja akiongea na tochi yake mpaka chaji ikaisha, na kuanzia kesho yake kila asubuhi alisimama mbele ya kioo, anachezesha midomo: "Nimekuoza binti yangu Naima." Bila sauti. Kuruthumu alikuwa akimchungulia mlangoni, anajifuta macho kwa ncha ya khanga, anarudi kwenye vitumbua vyake.

Mzigo kutoka China unakuja kwa wakala. Wakala anakupa alama yako. Kila kitu kitakachofika ghala la kule kikiwa na alama hiyo kinawekwa kwenye boksi moja, kinapanda ndege, unalipa kwa uzito, na forodha wanakuhesabia ushuru na kodi kwa kile ulichosema kimo ndani. Ndivyo walivyoelezwa, na haikuwa ngumu kuelewa.

Ila Kuruthumu aliyasimulia hayo veranda nzima ikiwepo.

"Mama Naima," akadakia Mama Lusungu, aliyekuwa ameleta ndizi kutoka Nkunga, "kama boksi linakuja, si lina nafasi? Mwe, na mimi niwekee miwani."

"Na mimi viatu," akasema jirani yao Stumai.

"Na mimi nina vikorokoro vyangu vya saluni," akasema Winfrida, shoga yake wa kufa na kuzikana. "Vidogo tu, wala hutaviona."

Naima akamvuta mama yake jikoni. "Mama, alama ni moja. Forodha hawatajua kipi cha nani. Vyote ni vyako."

"Mwanangu, sasa nimwambie nani hapana? Si ndio hawa hawa watakaokumenyea vitunguu siku ya harusi?"

Aliporudi nje, Winfrida alishapata na ushauri. "Halafu shoga, wakala akikuuliza kuna nini, sema nguo za watoto. Ukitaja mashine ya hospitali utaulizwa kibali, utaulizwa barua, ushuru juu, harusi inapita wewe bado unajieleza. Nguo za watoto nani ana habari nazo?"

"Winfrida wewe! Ungezaliwa mwanaume ungekuwa waziri."

Wakacheka hadi wakagongana mabega. Kwenye kiti chake, Zuber aligonga kikombe mara mbili. Akangoja. Akagonga tena mara mbili, kwa nguvu. Veranda ilikuwa na kelele mno; hakuna aliyegeuka. Na ile barua ya daktari ikabaki ndani ya droo, imekunjwa vizuri kabisa.

Basi boksi likapaa, likatua, likanyamaza. Wiki ya harusi ilipoingia, watu wa kijijini Masoko wameshaleta mikungu ya ndizi na nyumba inanuka iliki, ndipo Emiliani akapiga simu. Emiliani ni yule kijana wa wakala aliyeko Dar es Salaam, mwenye adabu zake.

"Mama, shikamoo. Mzigo wako umezuiwa."

"Marahaba. Umezuiwa na nani? Si nguo za watoto?"

"Ndiyo taabu yenyewe, mama. Wamelifungua. Umeandikwa nguo za watoto, lakini hakuna hata soksi. Kuna makopo ya krimu za kujichubua, zile zilizopigwa marufuku. Kuna na mashine moja ya mgonjwa haijatajwa popote. Sasa wanaona kila kitu kimefichwa."

Kuruthumu akakaa juu ya gunia la mchele. "Baba, hizo krimu sizijui. Hiyo mashine ndiyo yangu. Ni sauti ya mume wangu. Wanipe hiyo tu, vingine wachome."

"Mama, nimewaomba. Yule afisa wala hakunifokea. Ameniambia, kingekuja peke yake, kimetajwa jina lake, kina barua ya daktari, tungekishughulikia kama kifaa cha mgonjwa. Sasa kimekutwa kimelala na magendo, na jina ni moja. Inabidi kwanza kesi ya boksi iishe."

"Itaisha Jumamosi?"

Emiliani akakohoa. "Jumamosi hii? Hapana, mama."

Kuruthumu alikwenda saluni kwa Winfrida na kandambili za bafuni, bila kujua kama amezivaa. Winfrida alikuwa anamsuka mteja. Alipoiona tu sura ile, kitana kikamdondoka.

"Vikorokoro vyako, Winfrida."

"Shoga, sikujua kama wangefungua…"

"Ulijua ni marufuku?"

Winfrida akatazama chini, akaanza kulia. Na hapo ndipo Kuruthumu alipokosa hata mtu wa kumlaani. Alikwenda na matusi yamemjaa kinywani, yakayeyuka yote, kwa sababu aliyesema "nguo za watoto" kwenye simu ya wakala alikuwa yeye. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Ila huu aliutega yeye, akaweka na chambo, akacheka.

Kumwambia Zuber ilikuwa kazi nyingine. Alipiga magoti mbele ya kiti, akasema yote, hakuficha hata la Winfrida. Zuber alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kijiko, akagonga mara mbili, taratibu. Akagonga tena mara mbili. Vilevile kama siku ile ya vicheko. Kuruthumu akaelewa, akainamisha kichwa pajani pa mumewe akalia kama mfiwa.

Jumamosi ikafika, na mvua yake. Idrisa alikaa mkekani pale verandani, mkono wake ndani ya mkono wa bwana harusi, akasema, "Nimekuoza binti wa kaka yangu, Naima binti Zuber." Sauti safi, isiyo na mkwaruzo. Kijana akajibu, "Nimekubali." Watu wote walimtazama bwana harusi. Kuruthumu, nyuma ya pazia la wanawake, alimtazama Zuber. Midomo yake ilikuwa inacheza sambamba na ya mdogo wake, neno kwa neno, na ilipofika "binti wa kaka yangu", yeye alisema "binti yangu". Hakuna aliyemsikia.

Kesho yake Naima alipanda basi na mumewe, wakashika njia ya kwenda Mtwara.

Mfungo wote ukapita. Kesi ikaisha kwa faini na kodi yake, krimu zikateketezwa, na siku moja boksi likashushwa stendi likiwa limezungushiwa tepu za kila rangi. Habari ilifika Bulyaga kabla ya boksi. Kuruthumu alipoingia nalo nyumbani veranda ilikuwa imejaa hadi barazani kwa jirani, Mama Lusungu mbele kabisa, Winfrida nyuma ya nguzo. Kila mtu anataka kumsikia mnadi akinadi tena.

"Anza na salamu, Mzee Zuber!"

"Hapana, atupigie mnada wa sweta!"

Zuber akakipokea kifaa, akakigeuzageuza. Akakibana shingoni. Ikatoka sauti ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, lakini yalikuwa maneno, na yalisikika mpaka barabarani.

"Nimekuoza, binti yangu, Naima."

Alikuwa anautazama mkeka palepale alipokuwa amekaa kijana wa Kyela. Anangoja ajibiwe. Mvua ilisikika juu ya bati. Mama Lusungu akajiziba mdomo kwa khanga.

Zuber akakizima kifaa, akakirudisha ndani ya boksi lake, akakunja kifuniko.

Kuruthumu akasimama. "Jamani," akasema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza, "nendeni makwenu."

Wakadhani hawakusikia vizuri. "Nendeni," akarudia, na wakaanza kuokota kandambili zao mmoja mmoja. Alipotoka wa mwisho akausukuma ule mlango wa veranda. Uligoma, bawaba zilikuwa zimeota kutu. Ikabidi auegemee kwa bega ndipo ukafunga.

Nyuma yake Zuber aligonga kikombe mfululizo. Kuruthumu akageuka upesi. Kifaa kilikuwa bado ndani ya boksi. Kijiko ndicho kilichokuwa mkononi.

"Abee, mume wangu," akasema. "Nimekugeukia."