Mkunga Kwenye Benchi la Vyuma

Mkunga alikuwa amestaafu miezi miwili tu alipoteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Daktari alitazama picha, akakuna kidevu, akasema mifupa yake imeanza kupungua nguvu, na kwamba mbali na vidonge, dawa nzuri ni kunyanyua vitu vizito.

"Vizito kama nini?" Mkunga akauliza. "Nimenyanyua watoto wa watu miaka thelathini na mitatu."

"Vizito kuliko watoto, mama."

Basi mkono ulipopona, binti yake wa pekee akamwandikisha kwenye jimu moja iliyokuwa juu ya duka la rangi, ngazi ishirini na nane kutoka barabarani. Ukifika juu unakutana na harufu ya jasho iliyochanganyika na ya rangi za mafuta, ukuta mzima wa vioo, na watu wenye mabega kama milango. Mwalimu wa mazoezi, mtu mpole mwenye filimbi shingoni ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiipuliza, alimfundisha kulala chali kwenye benchi, kukamata chuma kwa mikono miwili, kukishusha mpaka kiguse kifua, kisha kukisukuma juu mpaka mikono inyooke.

Chuma kitupu kilikuwa kilo ishirini. Miezi minne baadaye, Mkunga akawa anakisukuma kikiwa na visahani vya uzito pembeni, jumla kilo ishirini na tano. Hapo akaganda. Nguvu alikuwa nazo. Mwalimu mwenyewe alimwambia thelathini anaziweza. Ila kwenye kadi yake alimwandikia kwa kalamu nyekundu: *Kuanzia thelathini, usilale bila mtu wa kukusimamia, akudakie chuma kikikushinda.* Na mwalimu alikuwa anafika saa tatu, wakati Mkunga, ambaye mwili wake haukuwa umesahau zamu za asubuhi, saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshapanda ngazi zote ishirini na nane.

Ilibidi aombe. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Mkunga hakuwa mtu wa kuomba. Wodini alikuwa anatoa amri: lete maji, shika mguu, baba wewe toka nje. Nyumbani, tangu mumewe atangulie mbele ya haki, alikuwa anabadilisha taa mwenyewe, anahamisha kabati la vyombo mwenyewe, na akiumwa anajitibu mwenyewe, tena kwa ukali.

"Mama, si umwombe mtu tu?" binti yake alimwambia kwenye simu.

"Nimwombe nani? Simjui mtu pale."

"Na wale waliokuja kujifungua, ulikuwa unawajua?"

"Wale walikuwa na shida."

"Na wewe je?"

Mkunga akasema chai yake inapoa, akakata simu.

Kesho yake akapiga moyo konde. Karibu na benchi lake palikuwa na mwanamume mwenye fulana ya njano, amesimama amebeba chuma mabegani, uso umeiva kama nyanya, anachuchumaa na kuinuka. Hedifoni zilikuwa zimemziba masikio. Mkunga akamwita mara mbili. Hakusikia. Akamgusa bega.

Yule bwana aliruka kama aliyeguswa na umeme. Chuma kikayumba huku, kikayumba kule, akakirudisha kwenye vishikio kwa kishindo kilichofanya jimu nzima igeuke.

"Mama! Huoni nina mzigo juu? Unataka kuniua?"

Mkunga akatamani ardhi ipasuke immeze. Kilichomuuma hakikuwa kufokewa. Kilichomuuma ni kwamba bwana yule alikuwa na haki. Ni waume wangapi yeye mwenyewe aliwatimua wodini kwa kosa lile lile, la kumsemesha mtu akiwa katikati ya kusukuma? Alikusanya taulo lake na chupa yake ya maji, akashuka ngazi bila kuaga.

Ilibaki kidogo asirudi. Lakini alikuwa na hulka moja ya kikazi: akihamishiwa wodi mpya, wiki ya kwanza hasemi sana, anatazama. Akarudi, akaitazama jimu ile vivyo hivyo. Alikuwa anasukuma kilo zake ishirini na tano, kisha anakaa kwenye benchi na kuwasoma watu. Akaona kwamba wanaojua kuomba hawamwendei mtu mwenye mzigo. Wanamngoja ateremshe, avute pumzi, afute uso. Wanasimama mbele yake ili awaone, badala ya kumtokea mgongoni. Wanasema maneno machache na ya kueleweka: nataka mara tano, usiguse mpaka niseme. Wakimaliza wanashukuru na kwenda zao, hawageuki kupe. Na aliyeombwa, jambo lililomshangaza Mkunga, karibu kila mara alionekana kufurahi kidogo, kama mtu aliyeulizwa njia akajikuta anaijua.

Mtu mmoja tu hakuwa anaomba wala kuombwa. Walikuwa wanamwita Kabati, ila kwa mbali, asisikie. Alikuwa mrefu, mpana, na kimya, na popote alipokaa watu waliacha nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Mkunga alitambua kwamba ndiye anayepumzika kwa muda mrefu kuliko wote, ameinamisha kichwa, mikono mikubwa imelala magotini. Mtu aliyepumzika, Mkunga akajiambia, ndiye wa kuombwa.

Akasimama mbele yake. Kabati akainua macho, akavua hedifoni haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Samahani, ukipata nafasi, naomba unisimamie pale. Ni kilo thelathini. Nataka kusukuma mara tatu. Usiguse chuma mpaka niseme."

Alikuwa ameikariri sentensi ile tangu nyumbani, mbele ya sufuria ya maji ya moto. Kabati alitazama nyuma yake kama anayetafuta ni nani anayeambiwa. Kisha akanyanyuka, na kwa kweli ilichukua muda kunyanyuka kote.

Mkunga akalala. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amewatazama watu kutoka juu. Leo ndiyo mara ya kwanza alijua inakuwaje kulala chali, uso wa mtu asiyemfahamu ukiwa umepinduka juu ya uso wake. Aliwaonea huruma wanawake wote wale kwa mpigo mmoja.

Mara ya kwanza chuma kikapanda. Mara ya pili kikapanda kwa kutetemeka. Mara ya tatu kikafika katikati, kikaanza kusitasita, na papo hapo vidole viwili vya Kabati vikakiinua kama kalamu.

"Nimesema uguse?" Mkunga akafoka, bado amelala.

"Samahani, mama. Niliona kinachelewa."

"Kuchelewa siyo kukwama! Nimekaa na watu wanachelewa saa kumi na nne, na hawakukwama."

Mabega ya Kabati yakaanza kucheza, na Mkunga akagundua kwamba mtu yule anacheka, kicheko cha ndani kwa ndani, kama gari linalowaka asubuhi ya baridi.

"Basi turudie," Kabati akasema. "Safari hii nitangoja."

Na kweli alingoja. Viganja vyake vilikaa sentimita mbili chini ya chuma, vinapanda kikipanda, vinashuka kikishuka, bila kukigusa. Mkunga alipomaliza na kuketi, akamuuliza amejifunzia wapi mikono ile.

"Mimi fundi vioo," Kabati akasema. "Natia vioo kwenye madirisha ya maghorofa. Kioo ukikibana kinapasuka, ukikilegeza kinaanguka."

Tangu siku hiyo wakawa wanakutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hawakuwa wanaongea sana. Mkunga alimwita Fundi, na Fundi alimwita Mama, na thelathini zikawa thelathini na mbili na nusu. Binti yake alipouliza kwenye simu kama ameshapata mtu, Mkunga alijibu kwamba amepata mmoja, ana adabu, ila ana haraka kidogo, anarekebishika.

Miezi miwili ikapita hivyo. Ijumaa moja Fundi akaja akasimama mbele ya Mkunga, ametoa hedifoni kabisa, anazisokota waya.

"Mama, samahani. Ukipata nafasi, naomba unisimamie."

"Kilo ngapi?"

"Mia moja na ishirini."

Mkunga akamtazama juu mpaka chini. "Mwanangu, mimi nina kilo hamsini na nane, tena na viatu."

"Sitaki uninyanyulie. Nataka awepo mtu tu." Akakaa kwenye benchi, na sauti ikashuka. "Mwaka wa kwanza nilipokuja hapa niliomba mtu. Akacheka, akasema, wewe ukishindwa, mimi nitaweza nini? Hakuwa na nia mbaya. Lakini sikuomba tena. Mwaka wa tatu sasa nanyanyua mia, mia, mia. Nazijua mpaka nimezichoka."

"Basi tuwaombe na wale wawili pale, wasimame huku na huku."

"Hapana, mama. Wewe tu. Mara mbili tu, na mara mbili naziweza."

Mkunga alijua kabisa kwamba haifai. Wodini angemfukuza muuguzi kwa jambo kama lile. Lakini aliutazama uso ule mkubwa wenye haya, moyo ukamlegea, akasema haya, lala.

Mara ya kwanza Fundi akazisukuma mia na ishirini kama anayefungua dirisha. Mara ya pili ikapanda polepole, lakini ikapanda. Angezirudisha hapo, mambo yangeisha salama. Ila furaha ilimpanda kichwani, akashusha mara ya tatu.

Chuma kikagusa kifua, kikapanda shubiri moja, kikasimama. Mkunga akakitazama jinsi alivyokuwa akitazama saa ya ukutani. Kinachelewa, akajiambia. Kisha akauona mkono wa kulia unainama na rangi inatoka kwenye midomo ya Fundi, akajua hiki hakichelewi tena.

Aliweka mikono yake chini ya chuma, akavuta, na ilikuwa kama kuvuta nyumba. Basi akafungua kinywa.

"WEWE WA NJANO! NA WEWE WA KAMBA! HAPA! SASA HIVI!"

Sauti ile, enzi za wodini, ilikuwa imeamsha madaktari waliosinzia na kuzima kelele za jenereta. Ilipita kwenye hedifoni kama maji kwenye chujio. Mwenye fulana ya njano akatupa taulo. Dada mmoja mwenye mikono ya waogeleaji aliyekuwa akiruka kamba akaja na kamba yake ikiburuta nyuma.

"Wewe kushoto, wewe kulia. Shikeni chini. Fundi, usiache kusukuma, nisikilize mimi. Moja, mbili, tatu, sukuma! Sukuma! Usinyamaze, sukuma!"

Chuma kikatoka kifuani, kikapanda, kikagonga vishikio, kikakaa.

Fundi alilala pale pale anatazama dari, kifua kinapanda na kushuka, machozi yanateremka kuelekea masikioni bila yeye kuyafuta. Mkunga alimshika kiganja, akampima mapigo ya moyo kwa mazoea tu, huku akitazama saa.

"Nimekosea mimi," akasema. "Nilijua siwezi, nikakubali. Ningesema hapana."

"Nilisema mara mbili," Fundi akajibu kwa sauti ya kukwaruza. "Nikaenda tatu."

"Kwa hilo nalo nitakusema, ila si leo."

Mwenye fulana ya njano alikuwa bado amesimama, anamtazama Fundi kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Kaka, mbona hukuniita? Miaka yote hii nipo hatua tano kutoka hapa."

"Una hedifoni kila siku."

"Si ungenigusa bega?"

"Mimi nilikugusa bega," Mkunga akasema.

Bwana yule akageuka, akamkumbuka, akaona aibu mpaka akashika fulana yake. "Mama, siku ile nilikuwa na mzigo juu."

"Najua. Kosa lilikuwa langu. Lakini na wewe ulifoka kama simba."

Dada wa kamba ndiye aliyeanza kucheka, na akishaanza yeye hakuna aliyeweza kujizuia, hata Fundi aliyelala, ambaye alilalamika kwamba mbavu zinauma, jamani, msimchekeshe.

Jumatatu iliyofuata Fundi alivuka zile hatua tano. Mkunga alikuwa upande wa pili, anajifanya anafunga kamba za viatu. Alimwona anangoja mpaka mwenye fulana ya njano ateremshe mzigo na kufuta uso, kisha anasema maneno yake machache, na yule bwana anaitikia kwa kichwa kabla hayajaisha. Walisimama wawili, yeye na dada wa kamba, mmoja kila upande, kilo mia na kumi, mara mbili. Hakwenda tatu. Baadaye wakamwita Mkunga awahesabie, kwa sababu, walisema, wakihesabiwa na yeye hawathubutu kudanganya.

Hazikupita wiki nyingi, akaja mgeni. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye viatu vipya kabisa na kadi mkononi. Alikuwa amepakia chuma chake, ameketi kwenye benchi, analala, anainuka tena, anatazama huku na huku bila kukutana na jicho la mtu. Fundi alimwona, akataka kumwendea. Mkunga akamshika mkono.

"Mwache aje mwenyewe," akanong'ona. "Keti hapa. Vua hivyo vitu masikioni. Pumzika."

"Nimeshapumzika, mama."

"Pumzika zaidi."

Wakaketi wawili kwenye benchi, mikono magotini, hawana wanachokifanya. Mgeni akawatazama, akatazama chini, akawatazama tena. Kisha akanyanyuka, akaja akasimama mbele yao, akasema samahani.