Kivimbe cha Kwapani

Xaveria wa Bonga alikiita mtoki. Kilimtoka kwapani, kidogo kama punje ya mbaazi, naye akasingizia jembe. Ni pale vipimo vya titi vilipotoka na neno saratani likatamkwa ndipo alipokumbuka kukitaja.

Daktari Sabaha alikitazama kwa ultrasaundi, akasema atakichoma sindano avute chembe, ajue kama ugonjwa umefika huko. Xaveria aliinua mkono, akauma pindo la kitenge, kazi ikaisha. Wiki iliyofuata akaambiwa sindano ilivuta damu tu. Itabidi kurudia.

Nyumbani alimkuta mumewe, Venance, akipepeta mbaazi uani.

"Warudie nini?" Venance aliuliza. "Ugonjwa ukichokonolewa unaamka. Tuache, Mama Anjela."

Xaveria aliingia ndani. Hofu hiyo alikuwa nayo yeye kwanza, ila kuisikia kinywani mwa mwingine kulimkera. Siku mbili alishinda nayo shambani. Ya tatu akapanda bajaji peke yake hadi hospitali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daktari, niambie kweli. Sindano inausambaza?"

Sabaha alivuta kiti, akaketi. "Hapana. Kama umefika kwapani, ulifika wenyewe kabla yangu. Mimi nataka kujua tu: ukiwa umefika tutaanza na dawa, la sivyo na kisu."

"Na ukikosa tena?"

"Naweza kukosa tena, mama. Nikikosa nitakuambia."

Tangu augue, kila mtu alikuwa akimwahidi kwamba atapona, mpaka ahadi zikamchosha. Huyu hakuahidi kitu. Xaveria akafungua vifungo vya blauzi.

Safari hii chembe zilipatikana, na saratani ilikuwemo. Siku ya majibu Venance alikuwepo.

"Basi dawa kwanza," Xaveria alisema, kabla daktari hajaeleza.

Nje, getini, Venance alimshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mimi ningekuzuia," alisema.

"Ulijaribu."

Dripu za dawa zilianza mwezi uliofuata. Nywele zilikatika, chakula kikamshinda, palizi akaifanya Venance. Baada ya dripu ya tatu Sabaha alikitafuta kile kivimbe kwa vidole, akapapasa, akarudia. Upasuaji bado ulikuwa mbele. Xaveria alimtazama usoni, akaona anavyohangaika kukipata, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akacheka.