Mpira Chini ya Leso

...na angekuwa na akili angeurudisha pale kwenye karai kabla Lornah hajatoka bafuni, lakini maji yamekwisha kumwagika, sasa mpira uko mapajani, chini ya leso, chini ya mtoto anayenyonya, mgumu kama goti la mtu mwingine, na Lornah, mdogo wake, anazunguka ua mzima wa ploti akiinua kila kitu, ndoo, kandambili, gunia la makaa la jirani, "Siz, kwani hujaona mpira yangu? Niliiacha hapa kwa karai," na Nanjala anajisikia akijibu, "Mimi niko na mtoto hapa, mpira nitaiona na macho gani?" ... uongo umetoka laini kama uji, hata Ryan hakuacha kunyonya, na si kwamba alipanga, nani hupanga kitu kama hicho, alikuwa anaanika nepi tu, mkono ukaenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye sufuria ya nyama kabla wageni hawajakaribishwa, na sasa haujui njia ya kurudi... na kesho ndiyo siku, kesho Lornah anaanza mwaka wa kwanza katika kile chuo cha mjini, jengo lililobanwa kati ya benki na duka la nguo, halina hata unyasi wa kulisha sungura lakini lina timu ya besiboli, ya wasichana, wanaazima uwanja wa watu, na Kocha Mutinda huwapa wachezaji wapya wote mpira mmoja mmoja wakae nao likizo nzima, walale nao, mpaka kiganja kiujue, kisha siku ya kwanza wasimame mstarini kila mtu na wake mkononi, asiye nao arudi kwao, kwa sababu, asema Kocha, asiyeweza kutunza mpira atatunza timu?... "Mama Shiru, watoto wako hawajachukua mpira yangu?" na Mama Shiru pale mferejini hageuki hata kidogo, "Wangu wako kanisani, uliza huyo mtungi, si ndiye bwanako siku hizi?" na foleni yote ya maji inaangua kicheko, "Inua tu, mama, inua mpaka uote ndevu, mahari tutalipa sisi!" na Nanjala pia anacheka, anacheka zaidi ya wote, hicho kicheko kina kitu ndani kama mchanga kwenye mboga ya sukuma... kwa maana tangu likizo ianze Lornah huamka kukiwa bado na giza, akakimbia mpaka maduka ya Adams na kurudi, jasho likimng'aa kama aliyepakwa mafuta, kisha ashike mtungi uliojaa maji, juu, chini, juu, chini, na mama yao asimame mlangoni akimtazama kama anayetazama ng'ombe wake mnadani, "ona huo mkono, gusa, gusa uone," na mayai apikiwe yeye, mchezaji lazima ale, hakuna aliyeuliza anayenyonyesha hula nini, na mtungi ni ule ule, maji ni yale yale, ila Lornah akiuinua huitwa mazoezi, Nanjala akiuinua huitwa Jumanne... Ryan, usiume, polepole baba... na nani alimfundisha kurusha, hilo mama hasemi, nani alishika kile kiwiko chake chembamba akakipandisha, hivi, juu ya bega, usirushe kama unafukuza kuku, nani, kama si yeye, Nanjala wa darasa la saba, Nanjala wa raundas, sketi imechomekwa ndani ya bluma, vumbi mpaka kwenye kope, mpira wenyewe wa majuala ya plastiki yaliyofungwa kwa kamba, wakati ambapo majuala yalikuwa bado yanaruhusiwa, akiurusha wasichana wa shule nyingine wanafumba macho, na Mwalimu Dedan akipiga magoti kwa furaha pale kwenye mstari, akisema mkono huu utafika mbali... na ulifika, ulifika Westlands, baada tu ya mtihani wa darasa la nane, kwa mama mmoja mwenye sakafu nyingi, mama yao aliposema mmoja aende kazi mmoja aende shule, na mdogo bado ni mdogo, wewe unajua kupika, na hakulia, alikunja blanketi, na sakafu zile alizipiga deki akiwaza huko sekondari wanacheza nini, mpaka Lornah akaja siku moja ya likizo, amekuwa mrefu, akamwambia, "Siz, sisi hatuchezi raundas, hiyo ni ya watoto, sisi tunacheza besiboli," na akacheka, hakuwa na ubaya, lakini alicheka... "Labda imeanguka kwa choo," anasema Lornah, na sasa sauti yake imeanza kuvunjika pembeni, "Mungu wangu, siz, labda imeingia kwa choo," na Mama Shiru, "Basi mwambie kocha aje na kamba avue!" lakini safari hii foleni haicheki sana... aingie chooni nao, aupeleke mwenyewe, dakika moja tu, nani atajua, vidole tayari vimeuzunguka chini ya leso, ngozi yake baridi, na ule uzi mwekundu ulioshonwa ukikwaruza, hajawahi kushika mpira wa namna hii, hakuna aliyewahi kumwambia shika, na kumbe una mahali pa vidole, kumbe uzi umeinuka kidogo hapa na hapa, kidole hiki, na hiki, kama ulikuwa unamngoja... tazama, Lornah ameacha kutafuta, amesimama katikati ya ua amewapa kisogo, na mkono wake unarusha hewa, bila mpira, labda ni mazoea, labda ni hofu, kiwiko juu, mguu wa kushoto unainuka, kisigino kinagusa mara moja kabla ya kutua, na hicho kisigino... hicho si cha Kocha Mutinda, hicho si cha chuo chochote, hicho alikivumbua yeye Nanjala kwa sababu kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimeachama na lazima akigonge kwanza kisimtoke, na huyu mjinga amekibeba miaka yote, ana raba nzima miguuni na bado anagonga kisigino, amekwenda nacho sekondari, kesho anakipeleka mjini... "Basi," anasema Lornah, bado hajageuka, kwa sauti ndogo kama zamani walipokuwa wakilala kitanda kimoja, "basi sitaenda, nitakaa tu hapa nikusaidie na Ryan," na hili ndilo, si ndilo, hili ndilo mkono ulilokwenda kuliiba pale kwenye karai, limekuja lenyewe, anaweza kulipokea sasa hivi, wakae wawili uani, nepi zianikwe na mikono minne, foleni iwacheke wote wawili, na kisigino kile kigonge wapi, kigonge pale mferejini akisubiri maji... hapana... wivu uko pale pale, umekaa kifuani kama maziwa yasiyonyonywa, unauma, hautaki kutoka, na utakuwepo kesho Lornah akienda na keshokutwa pia, lakini umepata mahali pa kutazama, kisigino kile... Ryan amelegea, mdomo wazi, amelala bila kuliachia ziwa, Nanjala anamhamishia mkono wa kushoto, wa kulia unabaki chini ya leso, kidole hiki, na hiki, ukipima ua, mfereji, kamba ya nepi, mgongo ule mwembamba, si mbali, ni kama kutoka kwenye mstari wa Mwalimu Dedan, na bado hausogei, hausogei, kwa kuwa kitu cha kwanza alichomfundisha mdogo wake ni kwamba mtu harushiwi akiwa amekupa kisogo... geuka, mtoto wa mama, geuka.