Mstari wa Mmiliki

Jumanne, tarehe 8 Novemba 1994, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbingu ya Lindi ilikuwa imefunga wingu zito lisilonyesha, na hapakuwa na upepo wa kutikisa hata kanga kwenye kamba. Niliingia uani kwa marehemu mama nikiwa na kibali cha ujenzi ndani ya bahasha ya kaki na hasira ya miezi saba.

Tangu Aprili nilikuwa nikifuatilia ruhusa ya kuongeza banda la uani katika nyumba ya familia: vyumba viwili, jiko, choo, na mlango wake kutoka uchochoroni, ili dada yangu Restuta, ambaye ni mjane, apate mpangaji na kodi ya kumtunza. Majirani walikwisha kujenga yao bila karatasi. Saruji ilikuwa haigawiwi tena kwa vibali, mabati yalijaa madukani, na kila aliyeulizwa sheria alijibu kwa neno moja: ruksa. Mimi nililelewa katika shule ya bweni, ambako kengele iligongwa saa kumi na moja alfajiri, na aliyeruka foleni ya chakula alikula amesimama wiki nzima. Niliapa kwamba ukuta wa mama yetu hautapakwa alama nyekundu ya kubomolewa.

Nilikuta mitaro ya msingi imekwisha kuchimbwa. Fundi Abdala alikuwa ndani ya mmoja wao, udongo umemfika magotini.

"Nani amekuruhusu kuchimba?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeuliza, nani amekuruhusu?"

"Dada. Anasema udongo haujui kusoma."

Restuta alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Amenizidi miaka miwili, na hajawahi kuniacha nikasahau.

"Bwana Kengele amefika," alimwambia fundi. "Simama wima, usije ukanyimwa uji."

"Dada, kujenga bila kibali ni wizi. Unaiibia serikali, unamwibia na jirani."

"Nimekusikia wiki iliyopita, na wiki ya kabla yake. Mvua inakuja, mdogo wangu. Kilete hicho kibali nikione."

Nilimpa kwa majivuno, sifichi. Alisoma polepole, akifuata maandishi kwa kidole chenye unga wa muhogo. Alipofika mstari wa tatu kidole kilisimama.

"Mmiliki," alisoma. "Cletus Damiani."

"Fomu inataka jina la mkuu wa kaya."

"Kaya gani? Wewe unakaa Mtwara."

"Ni utaratibu tu."

"Kiwanja bado kina jina la mama, na mama amekufa. Jina jipya la kwanza ndilo litakalofuatwa na hati. Leo kibali, kesho hati, keshokutwa wanao wa Dar es Salaam wananiuliza mimi ni mpangaji wa chumba kipi."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia hana shukrani. Nilimtajia safari zote nilizofunga kutoka Mtwara, mabenchi yote niliyokalia, mihuri yote niliyoisubiri. Abdala aliacha kuchimba, akajifanya ananoa jembe. Restuta alingoja nimalize.

"Sisi tumeteremka kutoka Umakondeni," alisema. "Nyumba ya mama hushikwa na binti. Kaka huilinda, haichukui. Hukufundishwa hilo shuleni, lakini ulilijua kabla hujaenda shule."

"Najua."

"Basi na mwaka sitini na moja unaujua."

Niliujua. Tulichaguliwa sote wawili, mimi shule ya bweni, yeye shule ya wasichana kwa masista. Korosho za mama zilitosha kumpeleka mmoja. Restuta, mwenye miaka kumi na minne, alimwambia mama mbele yangu: Cletus aende, mimi nitabaki na nyumba. Ndiye aliyejitwika sanduku langu la bati kutoka nyumba hii hadi penye lori.

"Shule sikudai," alisema sasa. "Ulisoma vizuri, tulifurahi. Nyumba nakudai. Wizi wa mchana ndio huu, Bwana Kengele, ila wako umepigwa mhuri."

Sijapata kukasirika kama siku ile. Nilimkasirikia kwa kusema mbele ya fundi. Niliikasirikia fomu. Kisha hasira ikakosa mahali pengine pa kwenda, kwa sababu hakuna aliyenishika mkono nilipoandika. Niliandika jina langu bila kusita, kwa mwandiko mzuri niliofunzwa kwa gharama ya utoto wake.

Hapo akaingia mkaguzi wa majengo, kijana aitwaye Haruna, na futi yake ya kamba na daftari. Alitusalimia kwa adabu, akapima mitaro, akasema upana unatosha.

"Mmiliki atie sahihi hapa, mzee, leo mmwage zege. Ningekuwa ninyi nisingechelewa." Alitazama wingu.

"Jina kwenye kibali si la mmiliki," nilisema. "Nilikosea. Mmiliki ni huyu."

"Kosa la jina halirekebishwi kwa kalamu, mzee. Ni maombi mapya. Fomu, ramani, kikao."

"Miezi saba?"

"Safari hii labda mitano. Na kazi isimame mpaka hapo."

"Tia sahihi, Cletus," alisema Restuta.

"Hapana."

"Mitaro itabomoka. Nimelipa siku tatu za kuchimba. Muuguzi wa zahanati anasubiri vyumba. Tia sahihi, ya jina tutayamaliza wenyewe nyumbani."

"Hatutayamaliza. Nikifa yatamalizwa na wanangu, nao hawakuwapo mwaka sitini na moja."

"Unanikomoa sasa."

"Nakulipa."

"Ungelipa Aprili!"

Alikuwa na haki. Nilimwomba Haruna fomu nyingine. Alikuwa nazo mkobani. Niliiweka juu ya tofali, nikajaza jina la kitongoji, namba ya kiwanja, na katika mstari wa mmiliki nikaandika Restuta Damiani. Nilimpa kalamu. Aliipokea kama anayepokea tusi, akatia sahihi, akanirudishia bila kunitazama.

Tone la kwanza lilianguka kabla Haruna hajafika barabarani na fomu mkobani. Abdala alitoka mtaroni na jembe lake. Tulisimama chini ya baraza, dada upande wake, mimi upande wangu, tukitazama kingo za mitaro zikimeguka na maji mekundu yakijaa msingi wote. Hakunikaribisha chakula. Deni la mwaka sitini na moja nilikuwa nimelilipa.