Mwizi Mlangoni, Mume Njiani

Mwongozaji aliingia chumba cha kukatia filamu akakuta vipande vimening'inia kwenye misumari kama nguo za kuanika. Akapandwa na hasira.

"Nilikwambia mwizi kwanza mpaka mwisho, ndipo mume! Umewachanganya. Watu wataelewa nini?"

Mkata filamu, aliyeitwa na wote Mama Mkasi, hakuinua kichwa. Filamu za siku hizo hazikuwa na sauti, na kwa miaka saba alikuwa akizikata na kuziunganisha kwa gundi. "Wataelewa. Mwizi anagusa mlango, mke yuko ndani peke yake, mume yuko mbali anakimbia, tunarudi kwa mwizi. Watakaa roho juu."

"Wakicheka, funganya vyako."

Muda wa kupanga upya haukuwapo. Onyesho lilikuwa alasiri hiyo hiyo.

Hawakucheka. Mwizi aliposhika kitasa, ukumbi mzima ulipiga kelele. Bibi mmoja alivua kiatu akakivurumisha kwenye pazia. "Mume, kimbia! Miguu imekufa ganzi?" Mama Mkasi, amesimama nyuma kabisa, alijifuta machozi.

Taa zilipowashwa, mwongozaji alipanda jukwaani. "Mtindo huu wa kukatisha katikati," akasema, "niliubuni mimi mwenyewe, baada ya kufikiri sana."

Lo! Mtu mzima ovyo! Asubuhi anautukana, alasiri ameuzaa yeye!

Mwandishi wa gazeti akauliza, "Kwa nini ulimwacha mwizi mkono ukiwa kitasani, ukatupeleka kwa mume?"

Mwongozaji akakohoa. "Ni... sanaa, bwana. Sanaa haielezeki."

"Inaelezeka sana!" Mama Mkasi akapaza sauti. Vichwa vikageuka. "Mwanangu alipozidiwa, daktari alikuwa njiani. Namwangalia mtoto, naangalia dirisha. Mtoto, dirisha. Hivyo ndivyo nilivyongoja, na hivyo ndivyo nilivyokata."

Mwongozaji akatabasamu kwa shida. "Huyu ni fundi wetu wa gundi tu."

Mwandishi hakumwangalia tena. Alifuta mstari kwenye daftari lake, akaja nyuma kwa Mama Mkasi. Lakini yule bibi mwenye kiatu kimoja alikwisha kumtangulia.

"Na daktari, mwanangu? Aliwahi?"

"Hakuwahi, bibi. Ndiyo maana huyu mume nilimfikisha."